Kifua Kikuu Kisicho cha Kifua

Kosa langu la kwanza lenye uzito nililifanya Ijumaa, saa sita kasoro robo mchana, nilipotia fomalini katika kopo lenye kinyama cha mwanamke aitwaye Mwanasha. Kinyama chenyewe kilikuwa kidogo kama punje mbili za mchele. Kilikuwa kimekwanguliwa ndani ya kizazi chake ili kipelekwe maabara ya rufaa kikaoteshwe, yaani kiwekwe juu ya chakula cha vijidudu, kisha watu wangoje hata wiki nane waone kama vijidudu vya TB vitaota. Fomalini huzuia nyama isioze, na huua kila kijidudu kilichomo. Nililijua hilo. Nilikuwa nimelijibu kwenye mtihani na kupata alama zote.

Nitawaeleza nilivyofikiri, ingawa kuiita fikra ni kuipamba. Jokofu letu lilikuwa limezima tangu asubuhi. Gari la sampuli lisingeondoka hadi Jumatatu. Nikaliona joto la Msambweni, nikakiona kinyama kikioza, na mimi ni mtu ambaye chakula hakinipiti kooni nikijua kuna kitu mahali fulani kinaharibika. Chuoni tulikuwa tumekaririshwa kwamba nyama yoyote inayotoka mwilini ni ya fomalini. Mkono ukaenda kwenye chupa wenyewe. Kisha nikabandika lebo mpya kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imepinda. Sikuandika popote kwamba nimeongeza kitu. Lebo ilinyooka sana.

Nawaandikia ninyi mnaobaki maabara, wengi wenu wadogo kwangu kwa miaka michache tu. Nimestaafu mwezi uliopita nikiwa na miaka thelathini na saba. Macho yangu yana ugonjwa unaokunja kioo cha jicho, na bodi ya madaktari imesema sifai tena kukaa mbele ya darubini. Mwanzo niliona aibu kuitwa mstaafu nikiwa bado na nywele nyeusi. Sasa naona ni nafasi ya kusema mambo ambayo mtu aliyeajiriwa huyameza. Hospitali sitaitaja. Wanaoijua wanaijua, na wasioijua hawapungukiwi na kitu.

Siku yangu ya kwanza niliifuta darubini mara tatu kabla ya kutazama slaidi moja. Mara ya nne alipita Bi Mejumaa, muuguzi wa kliniki ya wanawake, mzaliwa wa Wasini, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Ukizidi kuifuta hiyo utaitoboa."

Ndivyo nilivyompata mwalimu wangu, ingawa yeye hakujua chochote cha darubini na mimi sikujua chochote cha wanawake. Mambo ya TB ya kizazi sikufundishwa na mtu mwingine. Chuoni ugonjwa huu ulipewa sentensi mbili. Ya kwanza ilisema TB inaweza kushika kizazi na mirija ya uzazi. Ya pili ilisema ni nadra. Ile ya pili ilikuwa ruhusa ya kuisahau ya kwanza, na darasa zima tukaitumia. Yaliyobaki nimeyasoma mwenyewe katika vitabu vilivyotupwa na maktaba na katika kurasa za simu, na kila nilichokisoma kilikuja kikiwa kimechelewa.

Ugumu wa kwanza ni jina. Kiswahili kinauita ugonjwa huu kifua kikuu, na neno hilo limetuponza sisi wenye kazi kuliko wagonjwa. Mwanamke anakuja kwa sababu hashiki mimba, tumbo la chini linamuuma, damu yake ya mwezi imepungua hadi imekuwa alama tu. Hakohoi. Eksirei ya kifua ni safi. Ukimpeleka kliniki ya TB, anaulizwa anakohoa tangu lini. Akisema hakohoi, anarudishwa. Fomu yenyewe ilikuwa na mstari mmoja wa sampuli, na mstari huo ulikuwa umeshachapishwa: makohozi. Nimeona kwa macho yangu haya mabovu mwanamke wa Taru, aliyesafiri tangu alfajiri, akipewa kopo na kuambiwa ajitahidi kukohoa. Alijitahidi. Akatoa mate. Tukapima mate, tukaandika kwamba ni mzima, tukajisikia tumefanya kazi.

Niliwahi kulisema hili kwenye semina katika hoteli moja ya Diani. Tulikuwa tumepewa mikoba, kalamu, na mtoa mada kutoka bara aliyetaja neno "wagonjwa waliofichika" kila baada ya dakika tatu. Nikanyoosha mkono, nikauliza habari za kizazi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za majini.

"Hiyo ni rare sana, boss," akasema. "Wacha tu-focus na mapafu kwanza."

Tukaenda kula. Chakula kilikuwa kizuri. Ni nadra, bila shaka, kitu ambacho hakuna anayekitafuta.

Ugumu wa pili ni siku. Utando wa kizazi hubomoka kila mwezi na kutoka na damu. Ukichukua kinyama mapema katika mwezi wa mwanamke, unachukua utando mchanga ambamo vijidudu, ambavyo hata hivyo huwa vichache mno, havijapata muda wa kukaa. Kichukuliwe siku chache kabla damu haijaja, na kabla ya hapo mkojo upimwe mimba, usije ukakwangua ulichokuwa ukikitafuta. Kwa hiyo unahitaji tarehe. Mimi nilitengeneza fomu ya tarehe, yenye visanduku, nikaipigia rula. Madaktari wakauliza, "Tarehe ya mwisho ya hedhi?" Wanawake wakajibu tarehe yoyote iliyo karibu ili waachwe. Visanduku vyangu vikajaa uongo uliopangwa vizuri.

Bi Mejumaa aliitazama fomu ile, akairudisha mezani kwa ncha ya kidole.

"Hapa unamuuliza mtu asiyekuwa na kalenda ukutani," alisema. "Muulize alirudi lini kwenye sala."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mgeni, ingawa mimi ni Mdigo na mama yangu amesali mbele yangu tangu nijue kutembea. Mwanamke wa Kiislamu aliye kwenye hedhi hasali. Siku damu inapokatika anaoga na kurudi kwenye sala, na siku hiyo anaijua kwa hakika, wala haikisii, kwa sababu ana hesabu nayo mbele ya Mola wake na si mbele yetu. Kwa wanawake wa bara kavu, wasiosali hivyo, Bi Mejumaa aliuliza kama ilikuwa kabla au baada ya mnada wa mbuzi. Akapata siku. Mimi mwenye rula nikapata aibu.

Sasa nimrudie Mwanasha. Alikuwa na miaka ishirini na sita, ameolewa Tiwi, mwaka wa sita bila mtoto. Daktari wetu wa wakati ule alikuwa mmoja wa wachache waliosoma sentensi ya kwanza na kukataa ya pili. Alitaka kinyama kioteshwe. Bi Mejumaa akahesabu siku, kinyama kikatoka siku inayofaa, kikawekwa katika maji safi ya chumvi kama inavyopasa, kikaja kwangu. Mnajua nilichokifanya.

Baada ya wiki nane majibu yakarudi kutoka maabara ya rufaa: hakuna kilichoota. Kisingeota, hata wangekitunza miaka mia. Wakati ule tulikuwa na desturi ya kumwandikia mgonjwa karatasi fupi ya Kiswahili. Nikaandika kwa mwandiko wangu bora: Hakuna TB. Daktari akahamishwa mwezi huo huo. Mwanasha akaichukua karatasi akaenda nayo nyumbani.

Nilikuja kuunganisha nilichokijua na nilichokifanya baada ya mwaka na nusu, nikisoma jinsi ya kutunza kinyama cha mgonjwa mwingine kabisa. Kilikuwa kitabu chenye kurasa zilizoshikana kwa unyevu. Kiliandika kwamba sampuli ya kuoteshwa isiguswe na fomalini. Nilisoma sentensi ile, nikafunga kitabu, nikakifungua tena, kama kwamba ingebadilika. Kisha nikaifungua rejista. Sikuhitaji kuitafuta sana siku ile ya Ijumaa, nilikuwa naikumbuka kwa ajili ya lebo.

Ningependa kuandika kwamba niliinuka hapo hapo nikaenda Tiwi. Sikuinuka. Nilikaa na jambo lile miezi mitano. Nilijiambia labda alikuwa mzima kweli. Nilijiambia labda ameshazaa. Nilipanga dawa zote za kupimia kwa alfabeti, kisha nikazipanga kwa urefu wa chupa. Mtu mwenye woga na usafi anaweza kujificha ndani ya kazi yenyewe na watu wakamsifu.

Mwanasha ndiye aliyekuja. Maumivu yalikuwa yamezidi na alikuwa amekonda. Katikati ya miaka ile miwili alikuwa amepitia kwa bingwa mmoja wa Ukunda mwenye bango la kusafisha kizazi, aliyempa chupa za maji ya kijani kibichi, na kwa daktari wa kliniki moja ya pembezoni mwa mji aliyemwambia, "Madam, uko sawa, relax tu." Wote wawili waliisoma karatasi yangu kwanza. Wote waliiamini.

Bi Mejumaa alimleta maabara kwa mkono. "Anza upya," aliniambia.

"Bi Mejumaa, kuna jambo."

"Najua kuna jambo. Una uso wa kunde zilizoungua tangu mwezi wa Ramadhani. Andaa kopo kwanza, uso wako tutaushughulikia baadaye."

Siku zikahesabiwa, daktari mpya akachukua kinyama, na safari hii nililitia kopo maji ya chumvi mwenyewe, nikaandika juu yake, nikalibeba mpaka kwenye gari, nikamwambia dereva mara mbili kilichomo hadi akaniuliza kama ni mtoto wangu. Mashine inayotafuta vinasaba vya TB ilitoa majibu siku ya pili: haikuona kitu. Hapo ndipo wengi wenu mnaposimama, na nawaambia msisimame. Mashine ile ilitengenezwa kwa makohozi yaliyojaa vijidudu. Katika kinyama cha kizazi vijidudu ni vichache kama mbegu zilizoanguka njiani, na mashine kutokuona si ushahidi wa chochote. Tulingoja. Wiki ya sita simu ikalia. Vimeota.

Alianza dawa wiki hiyo. Nikamwambia Bi Mejumaa habari ya fomalini, yote. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la leso.

"Ukamwambie mwenyewe," alisema. "Na ukienda ukaanza kulia pale, nitakutoa nje. Machozi yako atayafanyia nini?"

Nilimwambia Mwanasha katika chumba cha sindano, mlango wazi, Bi Mejumaa akiwa amesimama nje. Sikulia. Nilisema nilitia dawa isiyofaa, ikaua vijidudu kwenye kopo, nikamwandikia hana ugonjwa na kumbe alikuwa nao.

"Kwa hiyo wale walikufa kwenye kopo," alisema, "na wangu wakabaki."

"Ndiyo."

"Miaka miwili. Ingebadilisha kitu?"

"Sijui. Labda mirija ilikuwa imeshaharibika. Labda haikuwa."

"Hilo nalisadiki," alisema, "maana halinifurahishi." Kisha akanieleza kitu ambacho hakikuwa kimenipitia akilini hata mara moja, mimi niliyejisumbua kwa kila kitu. Mavyaa wake, mama wa mumewe, aitwaye Bi Tima, alikuwa ameihifadhi ile karatasi. Ikiwa hospitali imesema hakuna ugonjwa, basi mwanamke ni mzima. Ikiwa ni mzima na hazai, basi hataki kuzaa. Tiwi nzima ilikuwa ikisema Mwanasha anachoma kisirisiri sindano ya kupanga uzazi, anakula nyumba ya watu na kuwanyima kizazi. Mume wake, Juma, hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa akitafuta mke wa pili kwa utulivu.

"Mimi si mwongo, kaka," Mwanasha alisema. "Mtoto ni majaliwa. Lakini uongo ule ni wako. Nikimaliza dawa utakuja Tiwi uutoe kwa mdomo wako, si kwa karatasi."

Miezi sita ikapita. Maumivu yaliondoka, mwili ukarudi. Tukampiga picha ya mirija kwa dawa inayong'aa: upande mmoja umeziba mwanzoni, wa pili umekatikakatika kama ushanga uliokatika uzi. Daktari mpya alimwambia ukweli bila kumpaka mafuta. Alhamisi iliyofuata tulikwenda Tiwi, mimi na Bi Mejumaa, kwa idhini ya Mwanasha na mbele yake.

Bi Tima alitukaribisha barazani, akatuletea maji, akauliza hali za nyumba zetu zote kabla ya kuchomoa karatasi kwenye pindo la leso. Ilikuwa imekunjwa mara nne.

"Wewe ndiye uliyeandika hii, baba?"

"Ndimi."

"Mwandiko mzuri."

"Mwandiko mzuri, Bi, na maneno ya uongo." Nikaeleza kopo, fomalini, majibu ya pili, dawa. Nikasema alikuwa na kifua kikuu cha kizazi.

"Huyu?" Bi Tima alimtazama mkwewe. "Miaka minane niko naye nyumba moja, sijamsikia kukohoa."

"Ugonjwa haukuwa kifuani."

"Mbona unaitwa kifua?"

"Waliouita hivyo walijua kifua tu."

Aliliwaza hilo. "Na sindano?"

"Mirija yake imeziba, Bi. Asiyeweza kushika mimba ana haja gani na sindano ya kuzuia mimba?"

Juma alikuwa ameegemea nguzo. "Basi kosa ni la hospitali," alisema, kama aliyepata nafuu.

"Ni langu mimi," nikasema.

"Na wewe Juma," alisema Bi Mejumaa, "kopo lako la kupima mbegu tulilokupa mwaka juzi, liko wapi?"

"Mimi ni mzima. Nilishasema."

"Umejipima na nini? Kioo?"

Bi Tima ndiye aliyeanza kucheka, akajifunika mdomo kwa leso, lakini mabega yalimsaliti. Juma akatazama makuti ya paa.

Mwanasha alingoja kicheko kiishe. "Mavyaa, nimesikika?"

"Umesikika, mwanangu. Hata wa nyumba ya pili wamesikia."

"Basi nataka talaka yangu."

"Leo? Jina lako limesafishwa sasa hivi, ndiyo unataka kuondoka?"

"Ningeondoka kabla, mngesema nimekimbia na sindano yangu."

Bi Tima akaipasua ile karatasi vipande vidogo, akavikusanya kiganjani asivitupe barazani. Talaka ilitoka mwezi ule. Mwanasha alirudi kwao Msambweni, na tangu hapo nimemwona mara chache, akiwa na afya. Hajazaa, na hatazaa. Sijui hadi leo ni kwa sababu ya ugonjwa au kwa sababu ya Ijumaa yangu, na nimeacha kutafuta kitabu kitakachonijibu.

Yaliyobadilika tangu wakati ule ni machache na nayasema kama yalivyo. Kopo la kuoteshea hutoka maabara likiwa na maji ya chumvi ndani na neno hilo juu yake, na anayeongeza kitu chochote huandika alichoongeza na jina lake. Fomu ina mstari mtupu wa sampuli, mtu aandike mwenyewe. Swali la sala limo, na la mnada limo. Karatasi ya mgonjwa husema "haikuonekana katika sampuli hii," na husema tulichotazama na tusichokitazama. Mume huitwa siku ile ile anayoitwa mke. Asipokuja, inaandikwa "mume hakuja," inapigwa muhuri, na nakala anabaki nayo mke.